Karani wa Dirisha la Tatu

Mama Pasi alikuwa na neno moja ambalo watu wote walikataa kulimeza, na ubaya ni kwamba lilikuwa la kweli. Neno lenyewe ni hili: yule karani wa dirisha la tatu, kwenye ile filamu ya bwana harusi na cheti, ni mume wangu.

Filamu hiyo hakuna asiyeijua. Bwana harusi anatafuta karatasi moja tu ya kumruhusu kuoa, anazungushwa ofisi hadi ofisi, na bibi harusi amekaa na shela lake mpaka maua yamemnyaukia mkononi. Anafika dirisha la tatu. Nyuma ya nondo kuna karani. Humwoni uso wote. Unaona kidevu, miwani, na mkono ulioshika muhuri. Bwana harusi anaeleza, analia, anapiga magoti. Karani anamsikiliza mpaka mwisho, tena kwa adabu zote, halafu anasema polepole: "Dirisha hili halijui shida zako. Linajua fomu zako." Kisha anashusha kibao cha dirisha taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto shuka.

Basi. Dakika tatu hazifiki. Lakini maneno yale yaliingia mitaani yakakataa kutoka. Baba akiombwa viatu vipya, anajibu kwa maneno ya dirisha. Golikipa akidaka penalti, anamnong'oneza mpigaji maneno ya dirisha. Watoto waliozaliwa miaka kumi baadaye waliyasema bila kujua yalikotoka. Na mtu aliyeyasema mara ya kwanza alikuwa chumba cha nyuma cha duka la dobi, mikono imezama kwenye povu, anasugua kola za shati za watu.

Mtu wa maneno machache, mume huyo. Wateja walimwita Kimya. Ukimwomba akusemee kidogo yale ya filamu, anakuambia, "Nilishayasema," anaendelea kusuuza.

Shida ilikuwa mwisho wa filamu, pale majina yanapopanda. Wameandikwa wote: bwana harusi, bibi harusi, wapambe, mshika taa, mpishi. Karani wa dirisha la tatu hayumo. Dirisha la kwanza yumo, la pili yumo, ukifika la tatu, limerukwa kama jino bovu.

"Hata mwenye mbuzi kaandikwa," wifi yake alikuwa akisema. Wifi huyo, dada yake Kimya, alikuwa na kibanda cha vifungo na zipu mkabala na duka la dobi, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. "Mbuzi kapita mara moja tu nyuma ya bwana harusi, kala karatasi, kaondoka. Mwenyewe kaandikwa jina na ukoo. Sembuse kaka yangu, aketi siku nne asiandikwe? Wifi, hebu tuache tupumue."

"Wewe wifi, kaka yako humjui kidevu?"

"Kidevu ni kidevu. Kila mtu anacho."

"Na sauti?"

"Sauti! Yule kaongea maneno manane. Kaka yangu tangu azaliwe hajawahi kuongea maneno manane kwa mkupuo."

Watu walicheka, na wakicheka walimwita Mama Pasi "Mke wa Dirisha". Miaka thelathini. Mtu mwingine angenyamaza, lakini yeye alikuwa mtu wa pasi, na mtu wa pasi akiona mkunjo hawezi kulala. Aliupitia na kuupitia. Lawama zote alimtwisha mwongozaji wa filamu, Mungu amrehemu, kwamba alikuwa na kijicho: aliona dobi amewazidi waigizaji wake wa kulipwa, akamfuta.

Jinsi Kimya alivyoingia kwenye filamu ni hadithi fupi. Alipeleka nguo za wapambe zilizopigwa pasi. Mwigizaji aliyepaswa kuwa karani alikuwa amevimba shavu kwa jino, hata kuongea hawezi. Mwongozaji alizunguka akiwa ameshika kichwa, akamwona Kimya amesimama na hanga kumi na mbili mikononi, mtulivu kama kabati. "Wewe wa nguo. Una miwani?" "Ninayo." "Kaa hapo." Akakaa siku nne, mara taa haitoshi, mara mbuzi kapiga kelele. Siku ya nne akashuka kwenye kiti, akarudi kwenye povu lake.

Sasa siku moja asubuhi, redio ya dukani ikasema hivi: ile filamu ya zamani imesafishwa, inang'aa kama mpya, na Jumapili itaonyeshwa katika ukumbi mkubwa. Majina ya mwisho yataandikwa upya. Kwa hiyo yeyote aliyeshiriki akasahaulika, afike ofisini na ushahidi wake kabla ya Alhamisi.

Pasi ilikaa juu ya suruali ya hakimu sekunde mbili zaidi ya ilivyotakiwa. Mama Pasi aliinyanyua, akaitazama ile suruali, akaona imesalimika, akapiga kelele kuelekea chumba cha nyuma.

"Baba watoto! Umesikia?"

"Nimesikia."

"Kesho tunakwenda."

"Nina mashuka ya hoteli."

"Mashuka hayakutangazwa redioni."

Kimya alitoka akijifuta mikono kwenye aproni. "Mama, nilikaa siku nne, nikashuka. Mambo yaliisha."

"Kwako yaliisha. Wewe huendi sokoni. Mimi ndiye nikisema nyanya hizi zimeoza, muuzaji ananiambia eti na mumeo ndiye karani wa dirisha. Nikisema mvua itanyesha, wananiambia hivyo hivyo. Neno langu limekuwa kama noti iliyochanika, kila mtu ananirudishia. Nataka mara moja tu, kabla hatujaingia ardhini, watu wasome wenyewe."

Kimya alikuwa na kitu alichotaka kusema, ukaona kimefika shingoni. Akakimeza.

"Haya," alisema. "Kesho."

Wifi naye hakuachwa nyuma. Asubuhi walimkuta amefunga kibanda, amevaa gauni la safari, mkoba kwapani.

"Na wewe unakwenda wapi?"

"Ninakwenda kukushuhudia, wifi yangu. Ukipata, nikushangilie. Ukikosa, nisihadithiwe."

Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani. Ngazi zilikuwa nyembamba, ukutani kuna picha za filamu zilizopauka. Walipofika juu wakakuta benchi refu, na juu ya benchi wanaume wanne wamekaa kila mmoja ananong'ona peke yake. Mama Pasi alitega sikio. Wa kwanza alikuwa akisema, "Dirisha hili halijui shida zako." Wa pili alikuwa akisema hivyo hivyo kwa sauti nzito zaidi. Wa tatu alikuwa amefunga macho. Wa nne, bonge la mtu mwenye shingo ya kukunjana, alikuja na miwani ya zamani na muhuri wake mwenyewe ndani ya mfuko wa plastiki.

"Samahani, ndugu zangu," Mama Pasi aliuliza, "ninyi mmekuja kama nani?"

"Karani wa dirisha la tatu," walijibu wote wanne, halafu wakatazamana vibaya.

Wifi alikaa chini taratibu, akajipepea na mkoba. "Ee Mola, asante kwa kunileta."

Mtunza kumbukumbu wa ofisi ile alikuwa mama mmoja mwembamba, miwani yake imefungwa kamba shingoni, na kwa jinsi alivyozungukwa na makabati ya chuma ungedhani alizaliwa kwenye droo mojawapo. Aliwaita wote ndani kwa pamoja.

"Wazee wangu," alisema, "tangu juzi nimepokea makarani kumi na saba. Hatutamaliza. Kila mmoja aseme yale maneno, tuone."

Wakasema. Wa kwanza vizuri. Wa pili vizuri zaidi. Yule wa muhuri alisimama, akavaa miwani, akashusha pumzi, akayasema kwa sauti ya kutetemesha vioo, kisha akapiga muhuri juu ya meza: pu! Hata mfagiaji aliyekuwa mlangoni na ndoo yake alijaribu, na hakuwa mbaya. Nchi nzima ilikuwa imefanya mazoezi miaka thelathini.

Ikafika zamu ya Kimya. Alitazama viatu vyake. "Dirisha hili," alisema, akakohoa, "halijui... shida. Zako. Linajua fomu." Akafikiri. "Fomu zako."

Yule wa muhuri akatikisa kichwa kwa huruma. "Mzee wangu, pole. Umejitahidi, lakini siyo."

"Kaka," wifi alinong'ona, "hata mimi nakushinda."

Lakini mtunza kumbukumbu hakucheka. Alifungua kabati, akatoa daftari moja kubwa lenye madoa ya mafuta, akaliweka mezani kama mtu anayeweka sahani.

"Sauti haithibitishi kitu," alisema. "Sasa nawaeleza jinsi majina yale yalivyopatikana. Marehemu mwongozaji alikuwa hodari wa picha, lakini kuandika majina hakujua kabisa. Siku ya mwisho akaulizwa, orodha ya washiriki iko wapi? Hana. Akasema, chukueni daftari la mpishi. Kila mtu aliyekula pale alikuwa anaandika jina lake lote na kazi yake kwenye filamu, ndipo anapewa sahani. Ndilo hili. Majina ya filamu yalitolewa humu, mstari kwa mstari."

Mama Pasi alisogea kulitazama daftari.

"Kwa hiyo," mtunza kumbukumbu aliendelea kwa upole, "naomba kila mzee aniambie alikula nini siku zile."

Yule wa muhuri alicheka kwa furaha. "Mama, nisahau vipi? Wali na nyama! Nilikula, nikaongeza. Mpishi alinipenda sana."

"Mimi pia wali na nyama," alisema wa pili.

"Mimi sikula nyama, nilikula wali na mchuzi," alisema wa tatu, kwa unyenyekevu wa mtu mkweli.

"Sahani mbili," alisema wa kwanza.

"Asanteni," alisema mtunza kumbukumbu. "Mngekula, mngeandikwa. Mlango uko nyuma yenu, mshuke polepole, ngazi ya nne imelegea."

Walitoka mmoja mmoja. Wa muhuri alisahau mfuko wake, akarudi kuuchukua, akatoka tena bila kumtazama mtu. Wakabaki Kimya, mkewe, na wifi ambaye sasa alikuwa ameacha kujipepea.

"Na wewe, mzee? Ulikula nini?"

"Sikula," alisema Kimya.

"Siku zote nne?"

"Sikuwa na njaa."

Mtunza kumbukumbu alivaa miwani. "Mzee wangu, kutokula tu hakutoshi. Kuna watu wengi mno duniani ambao hawakula pale. Mpishi aliandika kitu pembeni, siku nne mfululizo. Mtu mwenyewe ndiye anajua. Kwa nini hukula?"

Kimya alitazama dirisha. "Sikumbuki."

Lakini Mama Pasi alikuwa anamtazama, na siku walizoishi pamoja zilikuwa nyingi; alijua sura yake ya kusahau na sura yake ya kuficha. Anakumbuka kila kitu, aliwaza. Anakumbuka, na anamficha mtu. Na mtu mwenyewe ni mimi.

Hapo ndipo alipouona mkunjo wote kwa mara ya kwanza. Hakukuwa na kijicho cha mwongozaji wala cha mtu yeyote. Aligeuka akamwona wifi amekaa wima, macho mawili, masikio mawili, na mdomo ambao kabla ya adhuhuri ungekuwa umelifikisha neno hadi kwa wauza samaki. Akinyamaza, atatoka humu na heshima yake nusu nusu kama alivyokuja. Akisema, hatakuwa tena mke aliyedhulumiwa. Atakuwa mke aliyedhulumu. Mtu mzima akivuliwa nguo hadharani huchutama, lakini yeye alitakiwa ajivue mwenyewe.

"Ni mimi," alisema.

"Mama..." Kimya alianza.

"Nyamaza, wewe umeshazoea." Alijiweka sawa kwenye kiti. "Nilimpelekea chakula mimi. Kila siku. Maharage na viazi, kwenye kopo la bluu."

"Lakini wifi," wifi alisema, na kwa mara ya kwanza lilikuwa swali la kweli, "watu wa filamu walipika bure. Kwa nini ujichoshe?"

Mama Pasi alivuta pumzi. "Kwa sababu ya yule bibi harusi."

"Bibi harusi yupi?"

"Wa filamu! Nilikwenda siku ya kwanza kuchukua hanga zangu, nikamwona amekaa karibu na mume wangu, anacheka. Nikajiuliza, mume wangu huyu, ambaye mimi hajanichekesha miaka mitatu, amemwambia nini mwanamke huyu? Nikasema hapa pa chakula cha pamoja, meza moja, kijiko hiki na kile, hapafai. Nikaleta chakula. Na ili asije akala mara mbili, nilikaa nikamsubiri amalize."

"Ulikaa wapi?" aliuliza mtunza kumbukumbu, kidole chake kiko juu ya daftari.

"Juu ya ndoo. Niliipindua ndoo ya mpishi, nikakaa mlangoni. Alininunia kweli yule mpishi."

Mtunza kumbukumbu alisoma kwa sauti, bila kubadilisha uso: "'Sahani moja imerudi. Karani wa dirisha la tatu anakula maharage ya kwao. Mkewe amekalia ndoo yangu mpaka kijiko cha mwisho. Leo nimeosha vyombo kwa sufuria.'" Akafunua ukurasa. "Siku ya pili: 'Mke yupo. Ndoo sina.' Siku ya tatu: 'Mke. Ndoo.' Siku ya nne ameandika maneno ambayo sitayasoma mbele ya wakubwa wangu."

Wifi alianza kucheka. Alicheka bila sauti kwanza, mabega tu, halafu kikamtoka kicheko kikubwa mpaka mfagiaji akachungulia. Machozi yalimtoka. "Wifi yangu! Kaka yangu huyu! Kaka yangu ukamlinda kwa ndoo!"

"Cheka, umalize."

"Sicheki vibaya. Ninacheka kwamba kumbe kuna mtu aliwahi kumwonea wivu!"

Mama Pasi alimgeukia mumewe. "Ulijua?"

"Nililiona daftari siku ile ile ya mwisho."

"Miaka thelathini unanisikia namlaani marehemu wa watu?"

Kimya alikuna kidevu, kile kile kidevu. "Ningekuambia, ungeacha kumlaani yeye, ungeanza kujilaani wewe. Yeye alikuwa mbali. Wewe tunalala chumba kimoja."

Alikuwa ametoa zaidi ya maneno manane kwa mkupuo, na dada yake aliyahesabu kwa vidole. Mtunza kumbukumbu alichukua kalamu, akaandika jina la Kimya lote, la kwake, la baba yake na la babu yake, akawaonyesha, akapiga mstari chini.

"Na bibi harusi, ulimwambia nini mpaka akacheka?" Mama Pasi aliuliza wakiwa wanashuka ngazi.

"Nilimwambia shela lake limekunjamana nyuma, nina mke anaweza kulinyoosha."

Jumapili alasiri ukumbi ulijaa. Wifi alikuwa ameshatangaza, na alitangaza vizuri: hadithi ya ndoo ilikuwa imefika hata kwa watu wasio na habari na filamu. Mama Pasi alipopita kutafuta kiti, watu walimuuliza kama amekuja na ndoo yake, naye aliwajibu kwamba viti vya humu vinatosha, ila wake zao wawe macho. Alishangaa kuona maneno hayo hayamchomi. Neno la kweli ukilisema mwenyewe, wenzako wanabaki na makombo.

Filamu ilipofika dirisha la tatu, ukumbi wote ulisema pamoja na karani, watu mia nne kwa sauti moja, halafu wakapiga makofi. Kimya aliinamisha kichwa. Mke akambana mkono.

Bwana harusi akapata karatasi yake, muziki ukapanda, skrini ikawa nyeusi. Na hapo hapo, kabla ya jina la kwanza, watu wakainuka. Mia nne kwa pamoja. Wanatafuta viatu, wanatafuta watoto, wanavaa koti, wanasukumana kuelekea mlango uliokuwa pembeni ya skrini. Vichwa vimeziba kila kitu.

Mama Pasi hakuwa amelifikiria hilo. Miaka thelathini aliililia orodha ile, na hakuwahi kujua kwamba ikifika hakuna anayeisoma.

Alikuwa na miaka sitini na nne na goti moja bovu, lakini wanasema aliruka safu tatu za viti. Alifika mlangoni kabla ya mtu wa kwanza, akageuka, akatandaza mikono fremu hadi fremu.

"Rudini mkae!"

"Mama, filamu imeisha!"

"Nani kakuambia? Unasikia muziki huo? Muziki ukilia, filamu bado. Kaeni!"

Wapo walionung'unika. Wapo waliocheka. Lakini sauti ile ilikuwa imezoea kushindana na redio na mvuke, na mwanamke mwenyewe alikuwa amejaa mlangoni. Wa mbele wakakaa, wa nyuma yao wakakaa, mpaka ukumbi mzima ukatulia ukitazama juu.

Yeye skrini ilikuwa nyuma ya bega lake. Angegeuka tu, mlango ungepata mwanya. Hakugeuka. Alitafuta kwenye nyuso zile uso wa wifi yake, akaupata safu ya tano, umeinuliwa, midomo inatembea pole pole jinsi anavyosoma mtu asiyesoma kila siku. Dirisha la kwanza. Dirisha la pili. Kisha midomo ya wifi ikasimama, ikaanza upya, ikalitamka jina la kaka yake, la baba yao, la babu yao. Wifi alishika kifua. Halafu akasimama juu ya kiti, na umri wote ule, akapiga kigelegele ambacho hata mwenye mashine alikisikia kule juu.

Makofi yakalipuka. Kimya alikuwa ametoa leso anapangusa miwani, akaivaa, akaona haifai, akapangusa tena.

"Haya, mke wa karani," alisema jamaa mmoja wa safu ya mbele, anainuka, anaokota kofia yake. "Tumesoma. Tumeamini. Sasa tupishe."

Mama Pasi alichungulia kwa jicho moja nyuma ya bega. Majina yalikuwa bado yanapanda, madogo madogo, marefu: waliobeba nyaya, waliopaka rangi madirisha, waliofagia.

"Kaa chini, baba," alisema, na mikono yake haikushuka. "Hawa nao wana wake zao."